Uyoga wa kikombe unavyoumbua fasili tuliyoirithi

Uyoga ni miongoni mwa maneno ambayo kila mzungumzaji wa Kiswahili huamini anayajua hadi aombwe kuyaeleza. Muulize mwanafunzi wa gredi ya sita uyoga ni nini, naye atakujibu bila kusita: ni mmea mdogo wenye umbo la mwavuli unaoota mahali penye unyevu. Jibu hilo hakulibuni. Amelisoma kitabuni, kwa maneno hayo au yanayokaribiana nayo, na kitabu hicho kimelipokea kutoka kwa kingine kilichokitangulia. Fasili yenyewe ina nguzo mbili, "mmea" na "mwavuli", na kwa maoni yangu zote mbili zimeoza. Leo nazihakiki nikitumia viumbe ambavyo wengi wetu tumevipita njiani bila kuvipa jina: kuvu zenye umbo la kikombe.

Aliyenichokoza ni mwalimu mmoja wa Kiswahili kutoka magharibi mwa Kenya. Wanafunzi wake walikuwa wameokota kipande cha gogo bovu kilichosheheni vikombe vidogo vya rangi ya waridi, kila kimoja kimesimama juu ya kikonyo chembamba na ukingoni kina vinyweleo. Mmoja akasema huu ni uyoga. Mwenzake akamkatiza: "Uyoga gani hauna mwavuli? Hata kitabu kimesema!" Mwalimu akataka kujua nani apewe alama. Kwa picha niliyotumiwa, vikombe hivyo vinafanana sana na vya jenasi Cookeina, ambayo imeenea katika misitu ya tropiki, Afrika ikiwemo. Alama apewe wa kwanza. Lakini yule wa pili naye hana kosa, maana alitii fasili neno kwa neno. Kosa ni la fasili.

Tuanze na "mmea", kwa kuwa hapo hakuna ubishi mwingi. Mmea hujipikia chakula chake kwa mwanga wa jua. Kuvu haina jiko hilo. Hula kilichopikwa na wengine, kiwe hai au kimekufa. Kuta za chembe zake zimejengwa kwa kitini, kitu kilekile kinachopatikana katika magamba ya kaa na ya wadudu. Mwaka wa 1969 mwanaikolojia Mmarekani Robert Whittaker alipendekeza mgawanyo wa viumbe katika himaya tano, na kuvu akazipa himaya yao wenyewe. Tangu miaka ya 1990 uchunguzi wa jeni umekwenda mbali zaidi na kuonyesha kwamba kuvu zina nasaba ya karibu na wanyama kuliko mimea. Yaani uyoga ulio katika sufuria yako una undugu zaidi na kuku kuliko na sukuma wiki iliyo kando yake.

Sitaki kuwaonea waliotutungia fasili za mwanzo. Carl Linnaeus mwenyewe, yule Mswidi aliyeweka msingi wa majina ya kisayansi tunayoyatumia hadi leo, aliziweka kuvu katika kitabu chake cha 1753 ambacho hata jina lake lilimaanisha spishi za mimea. Alizitia katika tabaka la mwisho, pamoja na mwani na kangaga, tabaka la viumbe ambavyo ndoa yao imefichika. Kama Linnaeus aliona mmea, mtunzi wa kamusi wa miaka ya 1930 angeona nini? Ila kitabu kinachochapishwa leo hakina kisingizio hicho. Mtoto wa Kenya huambiwa saa tatu asubuhi, katika somo la sayansi kwa Kiingereza, kwamba kuvu si mimea. Saa tano, katika Kiswahili, anaandika kuwa uyoga ni mmea na anawekewa tiki. Tunamfunza nini hapo, kama si kwamba ukweli una lugha yake na Kiswahili hakimo?

Sasa mwavuli. Hapa ndipo pana utamu, na hapa ndipo jenasi Peziza inapotufaa.

Neno lenyewe ni la kale. Pliny Mzee, Mrumi wa karne ya kwanza, aliandika kwamba Wagiriki walikuwa na jina la aina ya uyoga unaochipuka bila mzizi wala kikonyo, naye akaliandika pezicae. Wataalamu wa mimea wa karne ya 18 wakalifufua. Linnaeus alipolitumia mwaka wa 1753, Peziza ikawa kapu: kilichokuwa na umbo la kikombe kilitumbukizwa humo. (Kwa masikio yetu neno hili limekaa Kiswahili kabisa. Silabi zote ni wazi, na mtu angeweza kudhani ni kitenzi kilichotokana na pezi la samaki.)

Miongoni mwa vilivyotumbukizwa ni kiumbe ambacho Linnaeus alikiita Peziza lentifera, maana yake "kibeba kamande". Ni kikombe kidogo kisichozidi ukucha, na ndani yake mna vidonge vilivyolala kama kamande katika bakuli, au kama mayai katika kiota. Waingereza hukiita kwa jina la kiota cha ndege. Tone la mvua likianguka ndani ya kikombe, vidonge hurushwa nje, na spora husafiri navyo. Ukikitazama kwa jicho tu, huna sababu ya kukitenga na vikombe vingine. Lakini si ndugu yao hata kidogo. Nasaba yake iko pamoja na uyoga wa mwavuli, ule ule wa kwenye sahani. Kikombe hiki ni mwavuli uliobadili nguo.

Kinyume chake kipo pia. Kuna uyoga wa jenasi Morchella, unaouzwa ghali mno Ulaya, wenye shina nene na kichwa kilichotoboka kama sega la nyuki. Kwa mbali ungeapa kuwa ni jamaa wa mwavuli. La! Huo uko katika oda ileile ya Peziza. Kichwa chake ni kama vikombe vingi vilivyobanwa pamoja juu ya mguu mmoja. Basi mwenye kikombe si wa kikombe, na asiye na kikombe ndiye wa kikombe.

Waliomfuata Linnaeus walilijaza kapu hadi likafurika. Elias Fries, Mswidi mwingine, katika kazi yake iliyotoka kati ya 1821 na 1832, alikusanya vikombe vingi mno chini ya jina Peziza na kuvipanga kwa sura ya nje: chenye nywele na kisicho nazo, chenye kikonyo na kinachokaa chini, rangi hii na rangi ile. Baadaye watu wakaanza kuchomoa. Kikombe chekundu kama damu kikawa Sarcoscypha. Kile cha rangi ya chungwa, ambacho ukikiona chini utadhani mtu amekula chungwa akatupa maganda, kikawa Aleuria. Vile vya tropiki vyenye vikonyo na vinyweleo vikawa Cookeina, jina alilolitoa Otto Kuntze mwaka wa 1891 kwa heshima ya Mwingereza Mordecai Cubitt Cooke.

Mageuzi makubwa hata hivyo yalitoka ndani ya kikombe. Uso wa ndani wa kikombe cha Peziza umepangwa maelfu ya vifuko vyembamba virefu vilivyosimama wima, kila kimoja kwa kawaida kikiwa na spora nane. Vikikomaa, ukivipulizia kidogo tu, vinapasuka kwa pamoja na kikombe kinatoa wingu kama moshi. Mwaka wa 1885 Mfaransa Émile Boudier aliuliza swali ambalo wengine hawakulipa uzito: je, kifuko hicho hufunguka vipi? Akaona baadhi vina kifuniko kidogo kinachofunuka kama cha birika, na vingine vina tundu tu nchani. Kwa kigezo hicho aliyagawa makundi ya vikombe upya kabisa, na mgawanyo wake umeheshimiwa hadi leo kwa sehemu kubwa. Wengine wakaongeza kipimo cha iodini: ncha za vifuko vya Peziza hugeuka buluu zikiguswa na dawa hiyo, ilhali za Aleuria hazigeuki. Nywele, rangi na kikonyo vikashushwa cheo.

Kisha ikaja DNA. Mwaka wa 2001 Karen Hansen, Thomas Læssøe na Donald Pfister walichapisha uchunguzi wa nasaba ya familia ya Peziza, na mwaka wa 2005 Hansen, Katherine LoBuglio na Pfister wakarudi na ushahidi wa jeni kadhaa. Matokeo yao hayakuwa mazuri kwa kapu letu. Hata baada ya kuchomolewa kote huko, kilichobaki kikiitwa Peziza hakikuwa ukoo mmoja, bali koo kadhaa zilizopewa jina moja kwa sababu ya sura. Mwaka wa 2020 Nicolas Van Vooren akaigawa zaidi. Kikombe cha hudhurungi ambacho vitabu vya Ulaya vilikiita Peziza badia kwa zaidi ya karne moja sasa kinaitwa Legaliana badia, jina linalomkumbuka Marcelle Le Gal, mwanamke wa Kifaransa aliyeandika juu ya kuvu za vikombe za Madagaska mwaka wa 1953.

Msomaji wa safu hii ataniuliza: haya yote yanaingiaje katika Kiswahili? Yanaingia kwa mlango wa mbele. Sisi walimu wa lugha tumepitia safari iyo hiyo katika ngeli.

Wamishonari na wasomi wa mwanzo, Edward Steere akiwa mmoja wao mwaka wa 1870, waliainisha nomino zetu kwa kutazama viambishi vyake. Mtu na watu, basi M-WA. Kitu na vitu, basi KI-VI. Ni njia ya macho, njia ya Linnaeus. Tatizo lake ni kifaru. Kifaru, kiboko, kipepeo, kiongozi, wote wamevaa ki- mbele, nao wingi wao wameuvika vi-. Lakini hakuna mtu mwenye Kiswahili chake anayesema "kifaru kimelala", labda kama anazungumzia kifaru cha vita kilichoharibika. Tunasema kifaru amelala, vifaru wamelala. Kifaru ni ile Peziza lentifera ya Linnaeus: umbo linasema hivi na tabia inasema vile. Ndiyo maana mtaala wetu wa shule ukahamia kwenye A-WA, U-I, LI-YA na nyinginezo, mgawanyo unaouliza nomino inafanya nini ndani ya sentensi badala ya kuuliza imevaa nini. Boudier alifanya kitu cha aina hiyo na kifuniko chake.

Wapo wanaopenda kuikejeli ngeli ya kisintaksia, eti imewachanganya watoto. Nawauliza: mngependa kuendelea kuwafunza kwamba kifaru na kijiko ni kitu kimoja?

Nisiunyooshe ulinganisho huu kupita kiasi. Upatanisho wa kisarufi hautuambii nomino zimezaliwa na nani. Unatuambia zinavyotenda leo. Kwa nasaba tunahitaji isimu linganishi ya Kibantu, ile iliyoanzishwa na Wilhelm Bleek katika karne ya 19 na kuendelezwa na Carl Meinhof. Hiyo ndiyo DNA yetu. Chukua u- ya Kiswahili. Ubao na uzuri huonekana wamevaa sare moja. Nenda Uganda usikilize: ubao ni olubaawo, uzuri ni obulungi. Viambishi viwili tofauti, lu- na bu-, ambavyo katika Kiswahili vimesagika vikawa u- moja. Kapu la Peziza hilo, na liko mdomoni mwetu kila siku.

Na uyoga wenyewe je? Waluhya huuita obwoba, wenye obu-. Mimi huegemea upande huo: u- ya uyoga naiona kuwa ya kundi la uzuri kuliko la ubao, na ndiyo maana wengi wetu hatuupi wingi. Tunasema uyoga mwingi kama tunavyosema ugali mwingi. Anayesema "nyoga hizi" ameuvuta kwenda upande wa ubao na mbao. Simkatazi, ila namwonea shaka.

Nirudi kwenye istilahi, kwa sababu uhakiki usio na pendekezo ni kelele tu. Kuna mivutano miwili inayoniudhi. Wa kwanza ni wa wale wanaotaka kila jina la Kilatini lipewe tafsiri ya Kiswahili, Peziza iwe "kikombea", Morchella iwe "segauyoga", na kadhalika. Wamesahau kwamba jina la jenasi ni la mkataba wa kimataifa na hubadilika kila wataalamu wanapogundua undugu mpya. Kama tungekuwa tumeitafsiri Peziza badia, leo tungelazimika kuitafsiri tena Legaliana, na kesho nyingine. Peziza ibaki Peziza, ichukue viambishi vya sarufi yetu kama mgeni yeyote anavyovua viatu mlangoni: Peziza hii, Peziza hizi.

Mvutano wa pili ni wa wale wanaosema Kiswahili hakina maneno ya mambo haya, kwa hiyo tutumie Kiingereza yaishe. Hawa wamekosea zaidi. Tazama ule mfuko wa spora nane. Jina lake la kisayansi limetokana na neno la Kigiriki askos, mfuko wa ngozi wa kubebea maji au divai. Hebu fikiri, hicho si kiriba? Mgiriki alitazama kwenye hadubini ya wenzake akaona kiriba, na sisi tunacho kiriba tangu enzi za misafara, tena tuna hata kiribatumbo. Kundi zima la kuvu zenye mifuko hiyo lingeweza kuitwa kuvu-kiriba bila kumwonea mtu. Kundi la pili, la uyoga wa mwavuli, spora zake hazikai ndani ya mfuko. Hukaa juu ya kijiguzo, kwa kawaida nne nne. Jina lake la Kigiriki lina maana ya kikalio au kijiguzo kidogo. Hicho nakiita kigoda. Kuvu-kiriba na kuvu-kigoda. Mwanafunzi akiyasikia mara moja hayasahau, kwa kuwa anaona picha: hawa spora zao zimo ndani ya kiriba, wale spora zao zimeketi juu ya kigoda.

Kwa maneno hayo mawili, lile fumbo la hapo juu linatatuka kwa sentensi moja: kiota cha ndege ni kuvu-kigoda yenye umbo la kikombe, na Morchella ni kuvu-kiriba isiyo na umbo la kikombe. Tena tunagundua undugu mpya jikoni. Hamira ya mandazi ni kuvu-kiriba. Choa, yale mashilingi yanayowatoka watoto kichwani, husababishwa na kuvu-kiriba. Kutu inayoshambulia ngano ni kuvu-kigoda. Lugha yetu ilikuwa tayari na hamira, choa, kutu, koga, ukungu na uyoga. Ilichokosa ni neno la kuwakusanya. Kuvu imepewa kazi hiyo na wengi sasa wameizoea, ijapokuwa Tanzania mtu akienda hospitalini husema ana fangasi. Sina ugomvi na fangasi. Abaki kwa daktari wa ngozi.

Na jenasi je? Kuna waliowahi kuniambia ni neno la kizungu lililobanduliwa likabandikwa. Ajabu ni kwamba tunaye ndugu yake nyumbani siku nyingi. Jinsi na jinsia zimetujia kutoka neno la Kiarabu jins, na jins huaminika kuwa lilitoka katika Kigiriki genos, ambalo ni ndugu wa genus ya Kilatini. Waarabu hadi leo wanapotaka kutaja jenasi katika biolojia husema jins. Kwa hiyo jenasi na jinsi ni binamu waliofika Mombasa kwa majahazi tofauti. Suruali ya jinzi haimo katika ukoo huu, jamani. Hiyo jina lake limetoka mji wa Genoa, Italia. Nayo ni kikombe cha kutudanganya macho.

Msidhani haya ni mambo ya kujipumbaza nayo maktabani. Habari za familia zilizougua baada ya kula uyoga wa mwituni si ngeni kwa wasomaji wa magazeti ya nchi hii. Jina ni onyo la kwanza anazopata mtu kabla ya kutia kitu mdomoni, na jina baya ni onyo bovu. Ulaya kuna kuvu inayoitwa Gyromitra esculenta, ya oda ileile ya Peziza, yenye kichwa kilichokunjamana kama ubongo. Neno esculenta ni Kilatini, maana yake "inayoliwa". Alilipewa na Christiaan Persoon mwaka wa 1800. Ina sumu ambayo mwilini hugeuka kuwa kemikali ya jamii ya mafuta ya roketi, na imeua watu. Finland huuzwa sokoni, lakini kwa masharti: mnunuzi hupewa maelezo ya kuichemsha mara mbili na kumwaga maji. Jina halikubadilishwa, kwa sababu kanuni za majina ya kisayansi hulinda jina lililotangulia hata kama linasema uongo. Mwanasayansi anaweza kuvumilia hilo, maana kwake jina ni kitambulisho tu. Kamusi ya watu wa kawaida haiwezi. Msomaji wetu akikuta "uyoga: mmea unaoliwa" ataelewa hivyo hivyo, na ataenda kuchuma.

Fasili ambayo ningependa kuiona ni hii, na aliye na bora zaidi aniandikie: uyoga ni sehemu ya kuzalia spora ya baadhi ya kuvu, inayoonekana kwa macho, yenye umbo la mwavuli, kikombe, sega au jinginelo, aina fulani huliwa na nyingine zina sumu. Ni ndefu kidogo kuliko ile ya zamani. Najua wahariri wa kamusi wanahesabu kila herufi. Lakini ina nafasi ya kile kikombe cha waridi kilichookotwa kwenye gogo, na haimwiti kuku jamaa ya sukuma wiki. Kuhusu kuvu-kikombe, naliona kuwa jina la umbo na libaki hivyo, lihusishwe na kikombe chochote bila kujali nasaba. Ni jina la matembezi msituni. Anayetaka nasaba aulize kiriba au kigoda, kisha aulize jenasi.

Limebaki neno moja linalowahusu wafasiri, hasa wa maandishi ya dini. Katika Hadithi za Mtume zilizopokewa na Bukhari na Muslim imetajwa kam'a, kwamba ni katika manna na kwamba maji yake ni tiba ya macho. Watu wa Ghuba huichimbua jangwani baada ya mvua, na kwa lahaja yao wengi huiita faga. Iko chini ya mchanga, mviringo, mfano wa kiazi. Haina mwavuli, haina shina, na haichomozi. Nyingi kati ya hizo ni za jenasi Terfezia na Tirmania, ambazo zimo katika familia yenyewe ya Peziza: vikombe vilivyojifunga na kuzama ardhini. Mfasiri wa Kiswahili anayeandika "uyoga" hapo hajakosea kwa mujibu wa fasili niliyoipendekeza, lakini msomaji wa Lamu au Kisauni ataona mwavuli mweupe kichuguuni, na picha nzima ya jangwa itapotea. Akiandika "kiazi" amefanya baya zaidi. Mimi ningeandika kamaa, nikaeleza papo hapo ndani ya matini kwamba ni kuvu ya chini ya mchanga inayoliwa, nikaiweka katika I-ZI.